Eda Haianzi kwa Uvumi: Redio na Amana ya Habari Wakati wa Vita



Katika nyumba tuliyolelewa palikuwa na kitu kimoja ambacho watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Kilikaa juu ya kabati la vyombo, ndani ya mfuko wa ngozi uliotobolewa vitundu upande wa mbele ili sauti ipate kupenya. Ilikuwa redio ya marehemu baba yetu, Allah amrehemu. Ilitumia mawe manne, maana betri tuliziita mawe siku hizo, nayo yalipodhoofika mama aliyaanika juani ukingoni mwa mkeka wa mahindi ili yapate uhai wa siku mbili tatu zaidi. Waya mrefu ulitoka dirishani ukapanda mpaka juu ya mti wa uani, kwani bila ya waya huo redio yetu ilikuwa ikikoroma tu.

Nyumba hiyo ilikuwa Subukia. Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wasiifahamu. Ni bonde lenye rutuba kaskazini mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara iendayo Nyahururu, karibu na mstari wa ikweta. Baba alitoka Mvita akiwa kijana, akafungua huko duka la chumvi, sukari, mafuta ya taa na leso. Waislamu tulikuwa wachache, na msikiti ulikuwa chumba kimoja cha mabati. Juma hili twapenda kusimulia jambo lililotokea katika nyumba ile wakati wa vita vya Kagera, kwa sababu kila tunapoona jamii yetu ikirushiana habari katika simu, jambo lile hutujia moyoni.

Lakini kwanza, maneno machache juu ya redio yenyewe.

Mwaka 1928 una mambo mawili katika historia ya nchi yetu. Tarehe 6 Januari mwaka huo, Subukia ilipigwa na tetemeko la ardhi ambalo ndilo kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa zaidi ya kilomita 30. Mwaka huohuo matangazo ya redio yakaanza Nairobi. Tetemeko halikuchagua, lilimtikisa tajiri na maskini. Redio ilichagua. Ilisema Kiingereza, na ilikuwa ya walowezi waliotaka kujua mambo ya London hali wamekaa katika mashamba ya Bonde la Ufa. Mwenye kulima shamba hilo hakuhesabiwa kuwa msikilizaji.

Ndivyo ilivyokuwa Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka 1939. Vijana wa Afrika Mashariki waliandikishwa kwa maelfu na maelfu, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na Burma. Hapo ndipo serikali ya kikoloni ilipoona haja ya kuwatangazia Waafrika habari za vita kwa lugha wanazozielewa, na mwaka huo wa 1939 gazeti la Kiswahili la Baraza nalo likaanza kuchapishwa. Hata hivyo redio zilikuwa chache mno. Tarehe 12 Februari 1944, meli iitwayo Khedive Ismail, iliyoondoka bandari ya Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walifariki, na miongoni mwao walikuwamo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Jamaa za askari wale, wengi wao wakiwa vijijini, hawakuwa na redio ya kuwapa habari. Walingoja barua, au mjumbe wa chifu.

Baada ya vita hivyo mambo yalibadilika kidogo kidogo. Mombasa ikapata Sauti ya Mvita, ambayo wazee wetu wa pwani waliipenda kama mtoto wao. Uhuru ulipopatikana, idhaa ya taifa ikaitwa Sauti ya Kenya. Redio ndogo za betri zikashuka bei, na mwenye duka kama baba yetu akaweza kununua moja. Kwa hiyo vita vilipozuka tena katika eneo letu mwaka 1978, watu wa kawaida walikuwa wamekwisha kupata masikio.

Mwaka huo sisi tulikuwa mtoto wa chuoni, tukisoma juzuu za mwanzo. Ami yetu, mdogo wake baba, alikuwa dereva wa lori. Mwanzoni mwa Oktoba aliondoka Nakuru na shehena ya kupeleka Kampala. Akatuma salamu kupitia dereva mwenziwe kwamba amefika salama. Baada ya hapo, kimya.

Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Tanzania, yakaikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa, na daraja la Kyaka likavunjwa. Redio Uganda ikatangaza kwa majivuno kwamba ardhi ile imetwaliwa kwa muda wa dakika 25. Baadaye Amin akasema kwamba ugomvi ungeweza kumalizwa kwa ndondi, yeye na Rais Nyerere waingie ulingoni. Watu dukani walicheka. Baba hakucheka. Alisema mtu mwenye kufanya mzaha juu ya maiti za watu hafai kusadikiwa hata akitaja saa ngapi.

Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliwahutubia wananchi wake, na hotuba yake ikatangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Aliwaambia kwamba wameshambuliwa, na kwamba sababu ya kumpiga adui wanayo, nia wanayo na uwezo wanao. Maneno yale matatu hadi leo wasemaji wa Kiswahili huyataja, hata wale ambao hawajui yalikotoka.

Ndugu msomaji, tafadhali kumbuka jambo moja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, nao haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Mtu wa Taveta hakuweza kuvuka kihalali kumzuru jamaa yake aliye Moshi. Lakini kila usiku saa mbili, baada ya sala ya isha, sauti ya Dar es Salaam ilivuka mpaka ule bila ya pasi wala ruhusa, ikapita juu ya Kilimanjaro, ikashuka katika bonde la Subukia na kuingia katika waya wa mti wetu. Majirani waliketi katika mabenchi ya duka, Mkikuyu, Mkalenjin, Mturkana na sisi wa pwani, wakasikiliza vita vya nchi nyingine kwa lugha iliyokuwa yao wote. Walimjua kwa jina Ben Kiko, mtangazaji aliyepeleka habari kutoka uwanja wa mapambano, kama wanavyowajua leo wachezaji wa kandanda.

Kwa nini watu waliisadiki redio ile? Hatusemi kwamba ilisema kila kitu. Ilikuwa redio ya serikali, na redio ya serikali wakati wa vita huchagua la kutamka na la kunyamazia. Lakini ilikuwa imejenga heshima yake kabla ya vita. Mwaka 1973 Redio Tanzania ndiyo iliyobeba kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza mafunzo, wakarudi kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyofuga mbu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Sauti iliyokufundisha jinsi ya kumkinga mwanao na maradhi, ukaona faida yake kwa macho yako, huna budi kuisikiliza inapokwambia kwamba nchi imevamiwa. Ndiyo maana mgambo walijitokeza kutoka mikoa iliyo mbali kabisa na Kagera, na jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapindukia 100,000. Mkulima wa Mtwara hakupata kuiona Bukoba maishani mwake, lakini alijua kwamba nyumba zilizochomwa kule ni za nduguze.

Tumrudie ami yetu. Novemba ikapita, Desemba ikapita, Januari ikaingia. Majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yakaingia Uganda. Mwishoni mwa Februari tukasikia kwamba Masaka imetekwa. Kila mji uliotajwa, bibi yetu aliuliza, "Je, hapo ndipo alipo mwanangu?" Na baba akijibu, "Hapana mama, Kampala bado."

Asubuhi moja ya mwezi wa Machi akaja mtu kutoka Nakuru. Alikuwa mtu mwema, mnunuzi wa viazi, nasi hatuna haja ya kumtaja. Alimkuta bibi mlangoni akamwambia kwa huruma, "Poleni sana. Redio imesema madereva wote wa Kenya waliokuwa Kampala wameuawa."

Kilio kilichotoka katika nyumba ile hatukisahau. Wanawake wa jirani wakaja, wa dini zote. Mke wa ami, aliyekuwa na watoto wawili wadogo, akavuliwa bangili. Shangazi mmoja akaanza kumtafutia nguo za eda. Mtu akatumwa kwenda Nakuru kuwaarifu jamaa, ili khitma isomwe.

Baba alikuwa msikitini. Aliporudi akasimama mlangoni, akauliza maneno machache tu: "Redio gani? Saa ngapi? Nani aliyesikia kwa masikio yake?"

Yule mnunuzi wa viazi akasema hakusikia mwenyewe, aliambiwa stendi ya magari. Baba akamwendea mwalimu wetu wa chuo, mzee wa Kilamu aliyekuwa amekuja kufundisha huko bara, wakarudi pamoja. Mwalimu akakaa na wanawake akawaeleza kwa upole. Akasema eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, nayo ni haki ya Mungu, haianzi kwa uvumi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mke wa mtu aliyepotea hubaki kuwa mkewe mpaka ipatikane yakini. Ukimtia mwanamke edani kwa neno la stendi, umemfanya mjane ilhali huenda mumewe yu hai, na umewafanya watoto mayatima kwa ulimi wako. Kisha akawakumbusha mafunzo ya Suratul Hujurat, kwamba waumini wakiletewa habari na mtu asiyeaminika wameamrishwa kuichunguza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Akasema pia kwamba hata huyu mnunuzi wa viazi si mwovu. Habari mbaya haihitaji mtu mwovu wa kuibeba, yatosha mtu mwenye haraka.

Bangili zikarudishwa mkononi. Hakuna aliyekuwa na furaha, lakini kilio kikanyamaza. Usiku ule redio ilifunguliwa mapema, na mawe mapya yakatiwa, ingawa yalikuwa ya kuuzwa. Tukasikiliza Sauti ya Kenya saa moja, na Dar es Salaam saa mbili. Hakuna hata mmoja aliyetaja madereva.

Tarehe 11 Aprili 1979 sauti ngeni ikasikika katika Redio Uganda. Alikuwa Luteni Kanali Oyite Ojok, akitangaza kwamba serikali ya Amin imeanguka. Ilisemwa kwa Kiingereza. Kijana mmoja aliyesoma sekondari akatufasiria, na bibi akamwambia arudie mara tatu.

Ami alifika kabla ya mwezi wa Ramadhani mwaka huo, kwa miguu na kwa malori ya watu, amekonda, ndevu zimemjaa. Lori lake lilikuwa limechukuliwa na askari waliokuwa wakikimbia. Alikuwa amehifadhiwa miezi yote na familia moja ya Kiislamu huko Iganga, Allah awalipe kheri. Akiwa anakula uji wake wa kwanza alitusimulia jambo lililomfanya baba ainamishe kichwa. Alisema kila usiku saa mbili, yeye na mwenyeji wake walijifunika blanketi pamoja na redio, sauti wakaipunguza mpaka ikawa mnong'ono, maana kukamatwa ukisikiliza Dar es Salaam kungeweza kukugharimu uhai. Alisema, "Nilikuwa nikijua kwamba kaka naye anasikiliza saa hiyohiyo."

Naam, ndivyo ilivyokuwa. Barua hazikufika, simu hazikuwako, mipaka ilifungwa. Lakini kaka na mdogo wake, mmoja Subukia na mwingine Iganga, walisikia sauti moja katika dakika moja, kila mmoja akimwombea mwenziwe. Sisi twaamini hiyo ndiyo kazi kubwa ya redio wakati wa vita. Mabomba na mizinga humtenga mtu na jamaa yake, na kumfanya adhani yu peke yake. Sauti ya kuaminika humwambia kwamba wako wengine wanaosikia anachosikia.

Lakini waya uleule uliobeba amana waweza kubeba fitina. Nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilianza kutangaza mwaka 1993. Kilichekesha, kilipiga muziki mzuri, kikapendwa. Mwaka uliofuata, wakati wa mauaji ya kimbari, kilitangaza watu wa kuwindwa. Kukonga nyoyo za wasikilizaji si dalili ya ukweli.

Kwa upande mwingine, ndugu zetu wa Kongo walipata mfano mwema. Mnamo Februari 2002, nchi yao ikiwa imegawanyika baina ya majeshi hasimu, Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle la Uswisi walianzisha Redio Okapi, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwamo. Mtu wa Kisangani na mtu wa Kinshasa, ambao hawakuweza kutembeleana, wakaanza kusikia habari zilezile. Taifa lilishonwa upya kwa masikio kabla ya kushonwa kwa mikataba.

Na hapa kwetu? Sote twakumbuka mwisho wa mwaka 2007. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Idhaa zilipofungwa midomo, uvumi ukapata uwanja, ukapita katika ujumbe wa simu. Tume ya Jaji Waki ilieleza baadaye kwamba baadhi ya vituo vya lugha za kienyeji navyo vilichochea chuki. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mji wa Nakuru na viunga vyake vikaonja machungu hayo mwezi wa Januari. Sisi wakati huo tulikuwa tumekwisha kurudi Mombasa miaka mingi, lakini ami alikuwa bado Subukia, mzee wa duka, kwani baba alikuwa ametangulia mbele ya haki.

Alitusimulia kwa simu usiku mmoja wa siku zile. Vijana walikusanyika mbele ya duka na mapanga, wakisema redio imetangaza kwamba watu wa upande wa pili wa kilima watashuka alfajiri. Walitaka kuwatangulia. Ami akatoka na tochi, akawauliza, "Redio gani? Saa ngapi? Nani aliyesikia kwa masikio yake?" Wakatazamana. Mmoja akasema ameambiwa na binamu yake, na binamu naye alipopigiwa simu akasema ameletewa ujumbe. Ami akawaambia, "Mimi niliwahi kuuawa na redio mwaka wa sabini na tisa, na mke wangu akavuliwa bangili. Mbona ningali hapa?" Baadhi walicheka, baadhi walikasirika. Mpaka usiku wa manane walikuwa wametawanyika.

Hatudai kwamba swali lile liliponya bonde zima. Kuna nyumba zilizochomwa siku zile, na kuna majirani ambao hawajarudi hadi leo. Twasema tu kwamba usiku ule, mbele ya duka lile, hakuna aliyevuka kilima.

Leo kila mmoja wetu ana kituo cha redio mfukoni. Tunarushiwa sauti ya mtu tusiyemjua, yenye kilio na kiapo, nasi kabla haijamalizika tumekwisha kuituma kwa vikundi vitatu, na aghalabu twaongeza "poleni sana" kama yule mnunuzi wa viazi. Tunaowatumia ni mama zetu, ambao wana wana wao Nairobi, Juba, Goma na Doha. Twamtia mtu edani bila ya kujua.

Basi twaziusia familia zetu jambo moja dogo. Jioni, watoto wakiwapo, wafundisheni maswali yale matatu ya baba yetu, kama mnavyowafundisha nguzo za udhu. Redio gani? Saa ngapi? Nani aliyesikia kwa masikio yake? Habari isiyoweza kuyajibu, na ikome kwenye simu yako.

Redio ya baba ingali ipo. Ami aliturudishia alipozeeka, nasi tumeiweka juu ya kabati la vitabu hapa Mombasa. Mfuko wake wa ngozi umekauka na mashine imekufa, lakini wajukuu wakiuliza ni kitu gani, twawaambia ndiyo iliyomrudisha babu yao kutoka kwa wafu. Kisha twawasimulia.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na masikio yetu, awape amani ndugu zetu walioko vitani, na awarudishe waliopotea kwa watu wao. Amin.